Redio ya Baba Mkwe

Sehemu ya Tisa

Haya, turudi dukani kabla hawajafunga.

Mkono wa Kezia uko juu ya boksi la redio, redio ya mwisho katika Duka Kubwa la Kasulu. Juu ya mkono wa Kezia umetua mkono mwingine, mzito, wenye pete ya shaba. Wiki nzima wasomaji wangu mmenisumbua: mkono wa nani? Mmoja wa Muyama kaniandikia kuwa ni wa polisi. Mwingine kasema ni wa jini. Jini gani anapanga foleni?

Kezia aligeuka.

"Mwakeye, shemeji," alisalimu Niyonsaba kwa Kiha, meno nje.

Ndiye! Mdogo wa mume wake. Mwanamume yule yule aliyemwacha Kasanda akilalamika mgongo. Mgongo unauma, lakini kutoka Kasanda mpaka Kasulu kwa baiskeli, mlima kwa mlima, umeweza!

"Umefuata nini huku?" Kezia aliuliza.

"Nimekufuata wewe. Mke wa kaka haachwi azurure mjini peke yake."

"Toa mkono wako."

"Toa wako kwanza."

Sasa, kwa mgeni aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, au aliyefungiwa nalo vitumbua, nitasema mara moja na sitarudia. Evaristi, mume wa Kezia, alikwenda vitani mwaka jana. Miezi minne, kimya. Hakuna barua, hakuna salamu. Niyonsaba akaanza kunong'ona kuwa kaka amekufa, na mke wa marehemu hurithiwa, na shamba la kahawa la marehemu halikai bila mwenyewe. Mzee wao, Ntirampeba, akakata shauri mbele ya ukoo mzima.

"Kuna askari amerudi na jeraha," alisema Mzee. "Anasema sauti ya mwanangu imenaswa, na salamu zake zitasikika redioni Jumamosi jioni. Nikimsikia kwa sikio langu, hakuna wa kumgusa mke wake. Nisipomsikia, Jumapili tunanyoa nywele, matanga yamekwisha, na Niyonsaba anamrithi."

Barua Mzee haamini. Karatasi, anasema, haina sauti, na kila mwenye kalamu ni mwongo mtarajiwa.

Mnaona basi. Pale nyumbani kuna redio moja tu, ya Niyonsaba. Na wiki ile ile habari ilipofika, redio ya Niyonsaba "ikafa". Jamani! Kikulacho ki nguoni mwako. Kezia akamuuza mbuzi wake mwekundu, akaomba kijijini kibali cha kununua redio, akapanda lori.

Leo ni Ijumaa. Lori la Omary linaondoka saa tano kurudi Kibondo. Akilikosa, lingine ni Jumatatu, na Jumatatu atakuwa mke wa mtu mwingine.

"Nyie wawili!" ilikuja sauti kutoka nyuma ya kaunta. "Hapa si uwanja wa mieleka."

Huyo ni Tamimu, muuzaji. Kijana wa watu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na neno moja mdomoni: hakuna. Kezia anamfahamu vizuri sasa. Jumatano alifika, Tamimu akamwambia duka limefungwa, wanahesabu mali. Mali gani? Rafu zilikuwa tupu, isipokuwa vibiriti, majembe yasiyo na mipini na viatu vya mguu mmoja mmoja. Alhamisi alifika tena, alfajiri, foleni imekwisha kuzunguka jengo. Tamimu akatoka saa nne, akasema mwenye ufunguo wa kabati la kioo amekwenda mazikoni Heru Juu. Redio iko pale pale ndani ya kioo, Kezia anaiona, karibu inamwita kwa jina, na mwenye ufunguo yuko mazikoni! Aliyesema subira yavuta heri, nasema wazi, huyo hakuwahi kupanga foleni Kasulu.

"Redio ni yangu," Kezia alisema. "Kibali hiki hapa. Pesa umepokea. Nipe niondoke."

"Ngoja, ndugu muuzaji," alisema Niyonsaba kwa sauti ya upole. Upole wake ule, msomaji, uogope. "Niitie meneja. Kuna sheria inavunjwa hapa."

Sheria! Tamimu alilisikia neno hilo akasimama wima. Akaenda ndani mbio, akarudi na meneja.

Bwana Khatibu, meneja, ni mtu wa Ujiji, mnene, mstaarabu, kofia ya kufuma kichwani. Si mtu mbaya. Ubaya wake ni mmoja: kanuni akiziona anazipenda kuliko watu.

"Kuna nini?"

"Ndugu meneja," alisema Niyonsaba, "kanuni ya duka inasemaje? Kaya moja, redio ngapi?"

"Kaya moja, redio moja," Khatibu alijibu, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe.

"Huyu mama na mimi ni kaya moja. Namba arobaini na moja, Kasanda. Na kaya yetu ina redio tayari. Nilinunua hapa hapa. Tazama daftari lako."

Daftari likaja. Zito, jekundu, kona zimeliwa na mende. Khatibu akalilamba kidole, yaani alilamba kidole akalifunua, akatafuta, akatafuta. Foleni nzima ikasogea mbele kusikiliza.

"Ni kweli," Khatibu alisema. "Kaya arobaini na moja. Redio moja. Mama, pole. Tamimu, mrudishie pesa zake."

"Hapana!" Kezia alipiga kaunta kwa kiganja. "Redio hiyo imekufa! Yeye mwenyewe kasema imekufa, mbele ya ukoo, mbele ya Mzee. Muulize!"

Khatibu akamgeukia Niyonsaba. "Imekufa?"

Hapo, wapenzi, ndipo mtego ulipomnasa mtegaji. Akisema imekufa, Kezia ana haki ya kununua nyingine. Akisema nzima, mbele ya watu wote hawa, basi Jumamosi Kezia ataketi sebuleni kwake na kuisikiliza. Niyonsaba alitazama juu. Akatazama chini. Akajikuna shingo.

"Ni mgonjwa," alisema.

"Redio mgonjwa?"

"Inakohoa."

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja mtu mzima, Pelagia wa Heru Juu, aliyekuwa nyuma ya Kezia tangu Jumatano, akasema kwa sauti, "Mpelekeni hospitali, apigwe sindano!"

Lakini Tamimu hakucheka. Alikuwa amefunua daftari lingine, dogo, la betri. Siku hizi betri zimekuwa adimu, na kila anayepata mawe ya redio anaandikwa. Kidole chake kilisimama.

"Ndugu Niyonsaba, wewe ndiye uliyenunua betri nne mwezi huu huu? Tarehe tisa?"

"Maiti unainunulia betri?" aliuliza Pelagia.

"Nilijaribu kuifufua," Niyonsaba alinong'ona, na jasho likamtoka puani.

Khatibu alifunga daftari kwa kishindo. "Mimi sina hospitali ya redio hapa, wala sina kaburi. Redio isiyosema imekufa. Nakata jina lake, naandika mpya. Mama, utaichukua."

Kezia alishusha pumzi. Akanyoosha mikono kuchukua boksi.

"Bado," alisema Khatibu.

Ebo! Bado nini tena?

"Kibali chako kimeandikwa namba ya kaya peke yake. Namba mtu anaweza kuiokota njiani. Tumeibiwa hapa, watu wananunua kwa vibali vya wenzao. Kwa hiyo taja jina la mkuu wa kaya, nililinganishe na lililomo daftarini. Jina tu, uende zako."

Jina tu.

Wasomaji wangu wa Dar na Tanga mtashangaa kwa nini Kezia alibadilika rangi. Wasomaji wa kwetu hamshangai, mmekwisha kushika vifua. Mkuu wa kaya namba arobaini na moja ni nani? Ni Mzee Ntirampeba. Ni baba mkwe. Na mke aliyeolewa kwa heshima hatamki jina la baba mkwe, si nyumbani, si kisimani, si hata akiweweseka kwa homa. Miaka sita ya ndoa, ulimi wa Kezia haujaligusa. Anasema "Mzee". Anasema "Babu wa watoto". Mwanamke akilitamka, ni sawa na kumvua nguo mzee wa watu hadharani. Hurudishwa kwao, na mbuzi wa faini nyuma yake.

"Jina, mama," alisema Tamimu.

"Ni... Mzee wetu."

"Wazee wako wengi. Jina."

"Baba wa Evaristi."

"Jina, mama!"

"Siwezi."

"Hulijui?"

"Ninalijua. Siwezi kulisema."

Tamimu, aliyezaliwa na kulelewa mwambao wa ziwa, aligeukia watu na mikono juu. "Mnasikia? Hajui jina la mkwe wake! Kibali cha kuokota hiki!"

"Mwizi!" mtu alipiga kelele nyuma kabisa, mtu ambaye hata kaunta alikuwa haioni.

Kezia alitazama upande. Niyonsaba alikuwa amerudishiwa meno yake yote. Yeye ni mtoto wa kumzaa. Angeweza kulitaja jina la baba yake mara mia. Hakulitaja. Alikunja mikono kifuani, akasema pole pole, kwa Kiswahili kizuri ili kila mtu aelewe:

"Mwacheni ataje. Ataje tu. Mimi niko hapa, nitasikia, na nitakwenda kumwambia Mzee nilichosikia."

Mnauona ubaya wa mtu huyu? Akitaja, anafukuzwa. Asipotaja, anarithiwa. Kezia alihisi hasira inampanda kutoka miguuni, hasira ya siku tatu, ya rafu tupu, ya mwenye ufunguo, ya njoo kesho, ya mbuzi aliyeuzwa. Alitaka kuvunja kile kioo kwa kichwa. Machozi yakamjia, akayakataa.

Kisha akaiona kalamu mfukoni mwa Tamimu.

"Niazime kalamu."

"Ya nini?"

"Nitaliandika."

Darasa la kisomo, msomaji! Jioni tatu kwa wiki, chini ya bati la shule ya Kasanda, akina mama na watoto mgongoni, miaka miwili. Mwalimu aliwahi kuwaambia waandike majina ya watu wote wa nyumbani kwao. Kezia aliandika la mume, la watoto, mpaka la mbuzi. Mstari wa kwanza aliuacha wazi. Mwalimu akamkata maksi mbili, naye akazikubali.

Sasa Khatibu alimsogezea daftari, ukurasa wa mwisho uliobaki mtupu, naye akaurudia ule mstari aliouacha wazi. N. T. I. Herufi moja moja, kubwa, zimelala upande. Watu walinyamaza mpaka kalamu ikasikika ikikwaruza. Alipomaliza alifunika maandishi kwa kiganja, kana kwamba yangepiga kelele.

Khatibu alimwondoa kiganja taratibu. Akasoma kimoyomoyo. Akalinganisha.

"Ndilo. Sawasawa."

"Amekosa adabu!" Niyonsaba aliruka. "Kuandika ni kutaja! Nyote ni mashahidi!"

Foleni ikagawanyika. Wapo waliosema ndiyo, jina ni jina. Wapo waliosema la. Mabishano yakapamba moto, mtu akakanyagwa, ndoo ikaanguka. Ikabidi Pelagia apande juu ya gunia la chumvi.

"Mimi nimeolewa miaka arobaini na mitatu," alisema, "na la mkwe wangu sijalitaja, Mungu amlaze. Nisikilizeni. Mkono hauna mdomo. Mwacheni mtoto wa watu aende na redio yake."

Likaisha. Mama mkubwa akisema, nani wewe?

"Tuijaribu," alisema Khatibu, "maana kikitoka hakirudi."

Tamimu alilifungua boksi. Redio ikatoka, nyeusi, ya bendi tatu, na mkono wa kubebea. Akachukua betri za duka, zile za kujaribia, zilizofungwa kamba nyekundu zisiibwe. Akazitia. Akavuta antena. Akazungusha kitufe.

Krrr. Krrr. Kisha sauti ya mtangazaji ikajaza duka zima:

"...salamu za wapiganaji wetu kwa ndugu na jamaa. Mtakaokosa sasa, marudio ni kesho Jumamosi, saa moja jioni. Anayefuata anatoka Kibondo."

Kezia alishika kaunta.

"Mimi ni Evaristi wa Kasanda," ilisema redio.

Yebaba we! Ni yeye! Ni ile sauti yake ya mafua ya siku zote, ile inayokwama kidogo kwenye herufi ya r. Kezia alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi aliyoyakataa yakapita bila ruhusa.

"Niko mzima. Namsalimu baba yangu, Mzee Ntirampeba. Namsalimu mke wangu Kezia. Kezia, yule mbuzi mwekundu usimuuze, nitamkuta."

Maskini! Mbuzi mwenyewe ndiye huyo anayesema sasa.

"Namsalimu mdogo wangu Niyonsaba. Niyonsaba, zile barua tatu nilizokutumia umpe Kezia, umpe zote, maana ndani yake nimeandika kwamba shamba la kahawa..."

Kimya.

Tamimu alikuwa amechomoa betri.

"Majaribio ni dakika mbili," alisema, akizifunga kamba yake.

"Rudisha!" Kezia alilia. "Rudisha, ni mume wangu! Hajamaliza!"

"Mama, betri za duka hizi."

"Rudisha, wewe kijana!" Pelagia naye alipiga kelele, na foleni nzima nyuma yake. Sasa hata aliyesema mwizi alitaka kujua habari za shamba la kahawa. Khatibu mwenyewe akasahau kanuni, akasema, "Tamimu, rudisha." Kijana akahangaika na kamba. Ikajifunga fundo. Alipofanikiwa kuzirudisha, redioni alikuwa akisalimia mtu wa Songea.

Barua tatu! Kezia aligeuka polepole kumtafuta Niyonsaba. Mwanamume huyo alikuwa amesimama pembeni, karibu na daftari, uso umemparara.

"Umesikia, shemeji?"

"Nini?"

"Umemsikia kaka yako?"

"Mimi sijasikia kitu," alisema Niyonsaba. "Redio ilikuwa inakwaruza. Mimi masikio yangu ni mabovu tangu utotoni."

Na akatoka. Mbele ya watu thelathini walioisikia sauti ile mpaka pumzi zake, alisema hakusikia kitu, akatoka zake nje.

Mwacheni aende, Kezia alijiambia. Kesho saa moja jioni marudio. Redio ninayo. Hapa betri hakuna, lakini nyumbani zipo nne, zimo tumboni mwa yule maiti wake, na nitazitoa hata kwa meno. Nje, honi ya lori ililia mara ya kwanza. Saa tano kasoro robo.

"Nifungie boksi," alimwambia Tamimu.

"Gonga muhuri kwanza, meneja," alisema Tamimu.

Khatibu alilivuta daftari kwake. Akalifunua. Akalifunua tena. Akapindua nyuma na mbele.

"Ukurasa uko wapi?"

Haukuwapo. Pale palipokuwa na maandishi ya Kezia palibaki ukingo wa karatasi, umechanwa kwa haraka, kama jani lililoliwa na mbuzi.

Nani aliyekuwa amesimama karibu na daftari? Simwambii mtu. Mnajua.

"Ameuchukua!" Kezia alisema. "Ameuchukua akamwonyeshe Mzee!"

"Mama, sikiliza," alisema Khatibu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. "Bila ukurasa ule, redio haitoki. Kurasa hizi zina namba, mkaguzi akija atanifunga mimi."

"Nitaandika tena! Lete karatasi!"

"Ule ulikuwa wa mwisho. Daftari jipya linatoka Kigoma mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi nitakuwa nimerithiwa!"

Honi ya pili.

"Iko njia moja tu," alisema Khatibu. "Kanuni inasema, pasipo maandishi, mwanakaya atoe tamko la mdomo mbele ya mashahidi wawili. Alitaje jina la mkuu wa kaya, kwa sauti, mashahidi wasikie."

"Lakini kila mtu amelisikia!" alisema Pelagia. "Redio imelisema! Mwanawe kalitaja, nchi nzima imesikia!"

"Redio si mwanakaya," alisema meneja.

Nimeandika hadithi nyingi, lakini sentensi hiyo nilipoisikia niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Kezia alisimama katikati ya duka lile kubwa, kati ya majembe yasiyo na mipini na viatu vya mguu mmoja. Hakukuwa tena na mtu wa kumwomba. Aliikumbuka ile sauti ya mafua. Yuko mzima. Anataka kumkuta mbuzi, naye mbuzi hayupo. Basi angalau amkute mke.

"Mama Pelagia," alisema, "utakuwa shahidi wangu?"

"Mwanangu, usifanye."

"Utakuwa?"

Pelagia alishuka kwenye gunia la chumvi. Akafunga kanga yake kiunoni. Akaitikia kwa kichwa. Tamimu naye, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alitoa kalamu zake mfukoni, akaziweka mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi."

Akina mama wa foleni waliinamisha nyuso. Wengine waliziba masikio, si kwa kumlaani, bali kwa kumsitiri, ili wasiwe wamelisikia jina.

Kezia alipiga magoti. Alilitaja akiwa amepiga magoti, kama anayemsalimu Mzee mwenyewe, lakini alilitaja lote, wazi, kwa sauti iliyopita kaunta, ikapita mlango.

"Ntirampeba."

Basi. Miaka sita, imekwisha kwa pumzi moja. Midomo ilimwasha kana kwamba amelamba pilipili.

Muhuri ukagongwa. Boksi likafungwa kamba. Pelagia akamshika mkono na kumwambia, "Kimbia."

Alikimbia. Honi ya tatu ilimkuta uwanjani, boksi kichwani, viatu mkononi. "Omary, ningoje! Ningoje!" Dereva alimwona kwenye kioo, akapunguza mwendo, akacheka, akasimama. Kezia akarusha mguu juu ya gurudumu la nyuma, akashika ubao.

Mkono ukateremka kutoka juu kumpokea. Mzito. Wenye pete ya shaba.

Baiskeli ilikuwa imelazwa juu ya magunia ya maharage. Niyonsaba aliketi juu yake, na mfuko wa shati lake ulikuwa umevimba karatasi iliyokunjwa. Ubavuni mwake alikuwa amemwachia nafasi, nafasi ya mtu mmoja, na safari ya Kibondo ni ya kutwa nzima.

"Karibu, shemeji," alisema. Akagonga sikio lake bovu kwa kidole, taratibu, mara mbili.

"Sasa nimesikia."